Kamera Iliyofungwa Kamba

Ni usiku kwenye barafu ya Piz Palü. Watu wanashuka kwa kamba ndani ya ufa mkubwa wakiwa wameshika mienge. Filamu haina sauti. Kuta za barafu zinang'aa, moshi unapanda, na kila mwenge unavyozidi kuzama unafichua ukuta mwingine ambao muda mfupi uliopita ulikuwa giza tupu. Wanaoshuka wanatafuta wanafunzi waliofagiliwa na maporomoko ya theluji. Mwaka ni 1929. Kompyuta ya kuchora ufa ule haijazaliwa, na ule si ukuta wa plasta uliojengwa studio. Ni ufa wa kweli, moto ule ni wa magnesiamu inayowaka kweli, na mtu aliyekuwa akizungusha mkono wa kamera alikuwa humo humo kwenye baridi ile.

Filamu yenyewe inaitwa Die weiße Hölle vom Piz Palü, yaani jehanamu nyeupe ya Piz Palü, mlima wa mita 3,900 ulio mpakani mwa Uswisi na Italia. Waongozaji walikuwa wawili: Arnold Fanck aliushughulikia mlima, na G. W. Pabst akaletwa kuwashughulikia waigizaji. Kisa chake ni chepesi. Dakta Johannes Krafft alimpoteza mkewe, Maria, ndani ya ufa wa barafu, na tangu siku hiyo anazunguka mlimani peke yake kama mtu aliyewekewa nadhiri. Miaka kadhaa baadaye wachumba wawili wanakutana naye kwenye kibanda cha wapandaji. Msichana naye anaitwa Maria. Asubuhi wote watatu wanaukabili ukuta wa kaskazini, theluji inaporomoka, wanakwama kwenye kiambaza chembamba cha mwamba kwa siku kadhaa. Krafft ameumia mguu. Anavua nguo zake za joto, anamfunika kijana, na waokoaji wanapofika yeye ameshaganda.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tulilelewa na sheria moja: steringi hafi. Hapa steringi anakufa, tena kwa hiari yake, na anabaki kwenye mlima uleule uliomchukua mkewe. Mara ya kwanza nilipoiona nilibaki nimekaa kimya hata baada ya picha kwisha.

Nimezaliwa Moshi, kwa hiyo mlima kwangu si mapambo ya kadi ya posta. Labda ndiyo sababu filamu hizi za Wajerumani za miaka ya 1920 na 1930 zilinishika kuliko nilivyotarajia, na nikazitafuta moja baada ya nyingine. Wajerumani wanaziita Bergfilm, filamu za mlima. Kadiri nilivyozitazama ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba zilimpa mtazamaji ahadi ambayo sinema haikuwa nayo kabla: hiki unachokiona kimefanywa na mwili wa mtu, mahali palepale, na aliyekipiga picha alikuwa amening'inia kando yake. Sinema inaishi kwa ahadi hiyo mpaka leo. Na watu walewale walioitengeneza ahadi hiyo wakaja kuikopesha kwa utawala wa Hitler.

Fanck hakuwa mtu wa jukwaani. Alizaliwa mwaka 1889 huko Frankenthal, utotoni akawa mgonjwa wa mapafu, akapelekwa Davos, Uswisi, kwenye hewa ya milimani, na huko akapona. Alisomea jiolojia hadi akapata udaktari Zürich. Mwaka 1913 alikuwa kwenye kundi lililopanda Monte Rosa kwa mbao za skii, na mwenzake mmoja, kijana kutoka Black Forest aitwaye Sepp Allgeier, alibeba kamera. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1920, Fanck na marafiki zake walianzisha kampuni katika mji wa Freiburg kwa ajili ya filamu za milima na michezo. Filamu yao ya kwanza kubwa, Das Wunder des Schneeschuhs, ilikuwa ya watu wanaoteleza kwenye theluji tu, haina mapenzi wala adui. Wasambazaji hawakuitaka. Fanck akakodi kumbi mwenyewe, akaionyesha mwenyewe, na watu wakajaa.

Nataka kukaa kidogo kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo heshima yangu kwa watu hawa ilipo. Kamera za wakati ule zilizungushwa kwa mkono, karibu mizunguko miwili kwa sekunde, na mzungushaji alipaswa kuwa na mwendo wa moyo uliotulia, kwa sababu akiharakisha au akichelewa, watu kwenye picha wanarukaruka. Sasa fanya hivyo ukiwa umesimama kwenye ukingo wa barafu, vidole havina hisia, stendi ya miguu mitatu imechimbiwa kwenye theluji inayoweza kuondoka wakati wowote. Kwenye baridi kali mkanda wa filamu unakuwa mkavu na kukatika ovyo. Ukiupitisha haraka kwenye kamera unatoa cheche ndogo za umeme, na cheche hizo zinaacha michirizi kwenye picha kama mizizi ya mti. Mafuta ndani ya mashine yanaganda. Kisha kuna theluji yenyewe, ambayo ni adui wa kila mpiga picha: jua likiwa nyuma yako, theluji inageuka karatasi nyeupe isiyo na umbo.

Fanck alilitatua hilo kwa kugeuka. Alipiga picha akielekeana na jua. Mwanga ukitokea mbele, kila tuta dogo la theluji linapata kivuli chake, kila punje inayoruka nyuma ya mtelezaji inawaka, na mtu mwenyewe anakuwa kivuli cheusi chenye ukingo wa dhahabu. Leo kila tangazo la michezo ya theluji linapigwa hivyo. Anga nayo ilikuwa shida, kwa sababu mikanda ya zamani iliona rangi ya bluu kama nyeupe, mawingu yakapotea. Wakatumia vichujio vya rangi mbele ya lenzi, na mikanda mipya ilipoingia sokoni wakaifuata mara moja, mpaka anga ikawa nzito na mawingu yakasimama kama ngome. Kwa kuruka na kuteleza, Fanck alitumia kamera ya kampuni ya Ernemann ya Dresden iliyoweza kunasa picha mamia kwa sekunde moja. Mrukaji akaelea hewani kwa muda ambao jicho la binadamu halijawahi kupewa.

Kwa hiyo mpiga picha hakuweza kuwa fundi wa kukaa chini na kusubiri. Ilibidi awe mpandaji kwanza. Sepp Allgeier, Hans Schneeberger, Richard Angst, Albert Benitz, wote hawa waliifanya kazi hiyo wakiwa wamefungwa kamba, na watu wakaanza kuwaita shule ya Freiburg.

Kisa cha Schneeberger peke yake kinatosha kutengenezewa filamu. Wakati wa vita alikuwa afisa wa Austria kwenye Castelletto, mwamba ulio ubavuni mwa mlima Tofana, kwenye milima ya Dolomites. Waitaliano walichimba handaki ndani ya mwamba huo chini ya miguu ya maadui wao, wakajaza tani 35 za baruti, na usiku wa tarehe 11 Julai 1916 wakaulipua. Schneeberger alitoka hai. Huyu ndiye mtu aliyekuja kupiga picha za milima kwa utulivu ule. Ninapoona jinsi filamu hizi zinavyoitazama miamba, kwa hofu na heshima pamoja, nakumbuka kwamba wengi wa waliozitengeneza na wengi wa waliozitazama walikuwa wametoka kwenye mahandaki. Nchi yao ilikuwa imeshindwa, fedha yao mwaka 1923 iligeuka makaratasi, na hapo kwenye ukumbi wa sinema kulikuwa na kitu kilichosimama imara.

Luis Trenker aliingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa mtu wa Gröden, bonde lililokuwa la Austria na baada ya vita likawa la Italia, msanifu majengo aliyefanya pia kazi ya kuongoza wapandaji. Fanck alimwita kama kiongozi wa njia kwa Der Berg des Schicksals ya 1924, na ilipoonekana kwamba mwigizaji aliyekusudiwa hawezi kupanda, nafasi ikawa yake. Filamu hiyo ndiyo iliyomvuta Leni Riefenstahl. Alikuwa mcheza dansi wa Berlin aliyeumia goti. Anasimulia kwenye kumbukumbu zake kwamba aliona bango lake kwenye kituo cha treni cha Nollendorfplatz, akaiacha treni ikaondoka, akaenda kuitazama. Hakutulia mpaka alipompata Fanck. Matokeo yake yakawa Der heilige Berg ya 1926, filamu iliyochukua zaidi ya mwaka kutengenezwa kwa sababu watu walivunjika mifupa na hali ya hewa haikusikiliza ratiba ya mtu.

Der heilige Berg ina sehemu zinazonichosha. Mapenzi yake yana majivuno, na kadi za maandishi zinazungumza kama mahubiri. Lakini kuna mashindano ya skii katikati yake ambayo bado yanakimbia kuliko filamu nyingi za mwaka jana, na kuna usiku ambapo waokoaji wanateremka mteremko wakiwa na mienge, mstari mrefu wa moto kwenye weupe, ambao hauhitaji maandishi yoyote.

Naja sasa kwenye mawingu.

Siegfried Kracauer alikuwa mhakiki wa sinema wa gazeti la Frankfurter Zeitung. Alikuwa Myahudi, akakimbia Ujerumani mwaka 1933, na mwaka 1947 akiwa Marekani alichapisha kitabu kinachofuatilia sinema ya Ujerumani kutoka filamu ya Caligari hadi utawala wa Hitler. Kwenye filamu za milima hakuwa na huruma. Aliona ibada ya barafu na miamba, watu wanaojitupa kwenye kifo kitukufu badala ya kufikiri, na akasema hali hiyo ya moyo ndiyo Wanazi waliyoikuta tayari imepikwa. Ushahidi wake mmoja ni mawingu. Kwenye Stürme über dem Mont Blanc, filamu ya Fanck ya 1930, kuna mawingu makubwa yanayopigwa kutoka juu. Kwenye Triumph des Willens, filamu ya Riefenstahl kuhusu mkutano wa chama cha Nazi wa 1934, ndege ya Hitler inatokea ndani ya mawingu hayo hayo na kuushukia mji wa Nürnberg.

Nimeziweka filamu hizo mbili pamoja na kuzitazama mfululizo, na Kracauer ana haki: ni jicho lilelile. Lakini nadhani wingu halina hatia. Tatizo liko kwenye imani. Kwa miaka kumi wapiga picha hawa walimzoeza mtazamaji kuamini kila walichokileta kutoka mlimani, na waliistahili imani hiyo, kwa sababu walikuwa wameilipia kwa mifupa. Mtazamaji aliyemwona Riefenstahl akivutwa kwa kamba juu ya ukuta wa barafu huku theluji ikimmwagikia usoni alijua kwamba hilo halikuigizwa. Kisha mwaka 1934 jina la Riefenstahl likawa kwenye filamu ya Nürnberg, na mkuu wa wapiga picha wake akawa Sepp Allgeier, yule yule kijana wa Monte Rosa. Mbinu zikahama nao: mwanga wa mbele unaompa mtu ukingo wa dhahabu, kamera inayotazama kutoka chini mpaka mtu awe mkubwa kama kilele, lifti iliyofungwa kwenye mlingoti wa bendera ili kamera ipande. Miamba haikuhitaji kupangwa ili ionekane imesimama. Watu wale walipangwa kwenye mistari kwa ajili ya kamera, lakini mtazamaji aliwapokea kwa imani ileile aliyoipokelea miamba.

Miaka miwili baadaye, kwenye Michezo ya Olimpiki ya Berlin, ikawa hivyo tena. Hans Ertl, mpandaji aliyekuwa Greenland na Fanck, aliwapiga picha warukaji wa majini kutoka chini ya maji kwa kamera aliyoiundia kasha. Guzzi Lantschner, mtelezaji wa filamu ya vichekesho ya Fanck ya 1931, alishinda medali ya fedha kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya 1936, na kiangazi hicho hicho akawa nyuma ya kamera Berlin. Ernst Udet, rubani anayewagundua waliokwama kwenye Piz Palü na kuzungusha ndege yake karibu na ukuta ule kwa ufundi usioelezeka, alikuwa ameangusha ndege 62 kwenye vita vya kwanza. Chini ya Wanazi akawa jenerali wa jeshi la anga, na mwaka 1941 akajiua.

Si haki kusema wote walikuwa njia moja, na si haki vilevile kusema siasa iliwakuta kwa bahati mbaya. Chama cha wapanda milima cha Ujerumani na Austria kililifukuza tawi la Donauland, ambalo wanachama wake wengi walikuwa Wayahudi, mwaka 1924, miaka tisa kabla ya Hitler kushika nchi. Mlima ulikuwa umeshawekewa mlinzi wa mlangoni. Kwa upande mwingine, filamu hizi zenyewe zilitengenezwa na mikono mingi ya Wayahudi. Mtayarishaji wa Piz Palü, Harry Sokal, alikuwa mwenye asili ya Kiyahudi. Béla Balázs, mwandishi wa Hungaria na mmoja wa watu wa kwanza kuandika nadharia ya sinema, alimtetea Fanck hadharani wakati wahakiki wa mrengo wa kushoto walipomcheka, na Balázs alikuwa mkomunisti. Alisema Fanck ameipa asili uso.

Balázs ndiye aliyemwandikia Riefenstahl Das blaue Licht ya 1932, filamu yake ya kwanza kuongoza. Binti anayeitwa Junta anaishi nje ya kijiji, anapanda peke yake kwenye pango la fuwele linalong'aa usiku wa mbalamwezi, na vijana wanaomfuata wanaanguka na kufa. Wanakijiji wanamwita mchawi. Mgeni kutoka mjini anampenda, anaigundua njia, anawaonyesha wanakijiji, nao wanapanda na kukomba fuwele zote. Junta anapanda safari ya mwisho bila mwanga wa kumwongoza na anaanguka. Wakulima wa bonde la Sarntal walikubali kuigiza, na nyuso zao, zilizokaushwa na jua na upepo, ndizo kitu kizuri kuliko vyote humo. Schneeberger alizipiga picha za usiku mchana kweupe kwa vichujio na mkanda maalumu.

Balázs hakulipwa. Alipodai haki yake baada ya Wanazi kushika madaraka, Riefenstahl alimpa Julius Streicher, mchapishaji wa gazeti chafu kuliko yote la chuki dhidi ya Wayahudi, mamlaka ya kumwakilisha dhidi ya madai ya huyo aliyemwita Myahudi Béla Balázs. Karatasi hiyo ipo. Mimi siwezi kumtazama Junta akidhulumiwa na kijiji bila kuikumbuka.

Na hadithi yake haikuishia Ulaya. Mwaka 1956 Riefenstahl alikuja Kenya kuandaa filamu ya biashara ya watumwa, gari likapinduka kaskazini mwa Nairobi, akaumia vibaya, na filamu haikukamilika. Kuanzia 1962 akaenda Sudan kwa Wanuba, na picha zake zikatoka kitabuni mwaka 1973. Ni picha za kuvutia sana. Wapiganaji wa mieleka wamepakwa majivu, wamepigwa kutoka chini, mwanga umetokea upande, miili imesimama kama minara. Susan Sontag, mwandishi wa Marekani, aliandika mwaka 1975 kwamba ni jicho lilelile la Nürnberg, na watu wengi wakamwona mkali mno. Kwa anayezijua filamu za milima hakuna cha kubishania. Mnuba amepigwa picha kama Piz Palü: mzuri, mkubwa, hana jina, hana la kusema.

Hapo ndipo ninapofikiria kitu ambacho karibu kila filamu ya aina hii inakiacha. Nani alibeba? Magunia ya kamera, stendi, mienge, chakula cha watu wengi kwa miezi, vyote vilifika kwenye barafu kwa migongo ya watu wa mabonde, na kwenye filamu mlima unaonekana mtupu mpaka shujaa afike. Sisi wa Moshi tunakijua kitu hiki. Mwaka aliozaliwa Fanck, tarehe 6 Oktoba 1889, Hans Meyer wa Leipzig na Ludwig Purtscheller wa Austria walifika kilele cha Kibo, wakakiita kwa jina la Kaizari Wilhelm. Juu kwenye baridi, kambini kwao, alikuwepo Mwini Amani wa Pangani, mtu wa pwani, akiwapikia na kulinda kambi. Watu wa Marangu waliwaongoza kupita msituni, na Yohani Kinyala Lauwo anakumbukwa kati yao. Ukiwa umekua ukiwaona wapagazi, wagumu wetu, wakipita na mizigo kichwani kuelekea geti la Marangu, huwezi kutazama upweke wa Dakta Krafft bila kujiuliza kuni za kile kibanda zilipandishwa na nani.

Trenker peke yake, nadhani, alikaribia kulijibu swali hilo. Der verlorene Sohn, filamu yake ya 1934, inamfuata Tonio, mtu wa Dolomites anayekwenda New York na kukuta mji umezama kwenye ukosefu wa kazi. Kabla hajaondoka, picha inasimama kwenye minara ya mawe ya nyumbani. Kisha, bila kukatwa, minara ile inayeyuka taratibu na mahali pake panaota maghorofa ya Manhattan, mwamba kwa ghorofa, ukingo kwa ukingo. Hakuna neno linalosemwa. Baada ya hapo Tonio anatembea na njaa kwenye mitaa halisi, kati ya watu halisi walio kwenye foleni ya chakula, na kamera inamfuata kama wapita njia hawaioni. Mwisho wake, anaporudi kijijini, unaimba wimbo wa nchi na damu ambao Wanazi waliupenda. Lakini zile dakika za New York zilipigwa zaidi ya miaka 10 kabla Waitaliano hawajatoka na kamera zao kwenye mitaa ya Roma iliyobomolewa na vita, na ukiziona leo utadhani ni za wakati wao.

Ahadi ya shule ya Freiburg imefika mbali. Mwaka 1969 James Bond alikimbizwa kwa skii kwenye On Her Majesty's Secret Service, chini ya kilele cha Schilthorn. Aliyekuwa anateleza kinyumenyume mbele ya wakimbizaji, kamera mikononi, alikuwa Willy Bogner, Mjerumani aliyeshiriki Olimpiki mara mbili. Kufukuzana kwa skii kulikuwa kumeshapigwa picha na Fanck kwenye bonde la Engadin, Uswisi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920. Bogner alikuwa ameshaijua gharama pia: mwaka 1964, alipokuwa akitengeneza filamu karibu na St. Moritz, maporomoko yaliwaua watelezaji wawili mashuhuri, Buddy Werner na Barbi Henneberger. Clint Eastwood alipotengeneza The Eiger Sanction mwaka 1974 alipanda mwenyewe, na jiwe lilimuua mpandaji wa Kiingereza, David Knowles, aliyekuwa kwenye kikosi chake. Siwezi kuzipenda picha za filamu hizi bila kuwataja.

Wengi wetu tuliipokea ahadi hiyo kutoka kwa Stallone. Cliffhanger ya 1993 ilizunguka kwenye vibanda vya video mpaka mkanda ukachakaa, na kila mtoto mtaani aliweza kusimulia jinsi mkono wa yule dada unavyochomoka kwenye glavu pale mwanzoni. Kisa kinadai kwamba ile ni milima ya Marekani. Kwa kweli sehemu kubwa ilipigwa Dolomites, karibu na Cortina, kwenye Tofana na majirani zake, hatua chache kutoka pale Schneeberger alipolipuliwa. Quentin Tarantino naye, kwenye Inglourious Basterds ya 2009, anamweka msichana Myahudi anayemiliki sinema Paris juu ya ngazi usiku, akibandua herufi za jina la filamu iliyokuwa inaonyeshwa. Filamu yenyewe ni Die weiße Hölle vom Piz Palü.

Lakini mrithi wa kweli kwangu ni Free Solo, iliyopata Oscar mwaka 2019. Tarehe 3 Juni 2017 Alex Honnold alipanda El Capitan, ukuta wa mita 900 hivi, bila kamba. Wapiga picha wa Jimmy Chin, mmoja wa waongozaji wake, walikuwa wote wapandaji, wakining'inia kwenye kamba zao kando ya njia, kama watu wa Freiburg. Tofauti ni kwamba filamu hii inageuza kamera na kuwaonyesha wao. Kwenye sehemu ngumu kuliko zote waliweka kamera ya kuendeshwa kutoka mbali, ili pumzi ya mtu isimbabaishe. Na chini kabisa, mpiga picha mmoja anaweka jicho kwenye lenzi, kisha anageuza uso pembeni kwa sababu hawezi kutazama. Kwenye filamu zote za Fanck hakuna picha kama hiyo. Hapa aliyeleta ushahidi anaonekana akiogopa, na mtazamaji anaambiwa wazi kwamba kamera yenyewe inaweza kumuua anayepigwa picha.

Kama utataka kuanza, anza na Piz Palü, na hakikisha ni ile bubu ya 1929. Mwaka 1935 ilitolewa upya na sauti, ikafupishwa, na sehemu aliyoigiza Kurt Gerron, mchekeshaji wa Kiyahudi aliyekuwa kipenzi cha Berlin, ikakatwa. Gerron aliuawa Auschwitz mwaka 1944. Das blaue Licht nayo ilirudishwa kwenye kumbi mwaka 1938 bila majina ya Balázs na Sokal, kwa hiyo tazama majina ya mwanzo kabla hujaendelea, uone kama wamo.